Jina la Baba na Ukoo wa Mama katika Uluguru

Mhispania huchukua majina mawili ya ukoo, la baba kwanza na la mama nyuma yake. Tangu sheria ya 1999 wazazi huweza kukubaliana kuugeuza mpango huo. Lakini kwa desturi ya zamani jina la bibi mzaa mama halimfikii mjukuu katika majina yake mawili.

Katika Uluguru mambo yalikwenda kinyume. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama, na haki ya shamba ilifuata njia hiyo. Hata jina la Kingalu, mwenye sifa ya mvua huko Kinole, lilirithiwa pamoja na kiti. Kwa hiyo masimulizi ya Kingalu yamtaka msikilizaji aulize kwanza ni Kingalu yupi.

Kisha likaja daftari. Karani wa kodi, na baadaye mwalimu, aliandika jina la mtu na la babaye, basi. Ukoo haukuwa na safu. Mzumbe yenyewe, chini ya milima hiyo, ilipata mwaka 1953 shule ya kuwafunza watumishi wa serikali za wenyeji, na kazi ya namna hiyo haiendi bila daftari.

Hivyo asomaye orodha hizo leo huwaona watoto wa mama mmoja na baba mbalimbali kama watu wasiohusiana, ilhali hao ndio waliokuwa warithi wa shamba moja. Wale wa baba mmoja, walioandikwa kama ndugu, huenda kila mmoja alilima kwa wajomba zake.