Usiketi Kabla Duru Haijaisha

Mara ya kwanza nilipoketi kwenye mkeka wa karata pale Goweko, mchezo ulisimama. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimepelekwa likizo kwa mjomba wangu aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imechelewa, na wazee wanne walikuwa wakicheza chini ya mwembe karibu na stesheni. Mmoja akainuka kwenda kunywa maji, karata zake akaziacha kifudifudi. Mimi, niliyekuwa nimesimama nyuma yao kwa nusu saa nzima, nikaketi mahali pake na kuziokota.

Hakuna aliyenifokea. Mzee aliyekuwa mbele yangu alizifunua karata zake zote, akazirudisha katikati ya mkeka, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Duru ikavunjwa. Mjomba akasema kwa sauti ya chini, "Tusameheni, wazee wangu. Mtoto huyu hajafundwa."

Jioni ile akanifunda. Ukifika kwenye mkeka, salimia kwanza: shikamoo kwa wakubwa, mwangaluka kama ni asubuhi. Ukitaka kutazama, chagua upande mmoja ubaki hapohapo, usizunguke migongo ya watu. Ulichokiona kwenye mikono yao kife nacho kifuani mwako. Ukitaka kucheza, omba, kisha ungoje duru iishe. Ukipewa nafasi, usiwe wewe wa kuchanganya wala kugawa siku hiyo ya kwanza. Na kama mchezo ni wa pesa, weka yako juu ya mkeka waione wote, usimtie mtu mkononi.

Kwa miaka mingi nilidhani hizo zilikuwa adabu za mjomba tu. Baadaye nilipoanza kusoma historia ya njia ile ndipo nilipoona kwamba mkeka wa Goweko ulikuwa umebeba mambo ya kale kuliko reli yenyewe.

Tuanze na karata. Mjomba aliziita kwa majina ya pwani: shupaza, kopa, uru na pau. Yote manne ni maneno ya Wareno, waliofika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia 1593, na kuipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Neno karata ni lao, na turufu pia ni yao. Mchezo aliouthamini kuliko yote ni ule ambao watu wa Zanzibar huuita wahedi wa sitini, Kiarabu cha sitini na moja. Ree ina pointi 11, saba ina 10, kisha mzungu wa nne, mzungu wa tatu na mzungu wa pili, kila mmoja kwa hesabu ya jina lake. Jumla ya karata zote ni 120, hivyo anayefikisha 61 ameshinda. Wareno nao wana mchezo wa hesabu hiyohiyo, wanauita bisca. Kwa hiyo wazee wa Goweko walikuwa wakicheza mchezo wa Kireno wenye jina la Kiarabu, kwa Kiswahili, katika nchi ya Wanyamwezi.

Kiswahili hicho kilipanda bara na misafara. Katika karne ya 19 njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikakatiza nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, ikatokea Tura na kuingia Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Goweko iko katika ukanda huo, kati ya Tura na Tabora. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na nguo na shanga kurudi nazo. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na hilo halipaswi kusahauliwa tunapoisifu.

Nyika kama ile haikuvukwa na watu wachache. Vikundi vidogo vilingoja msafara mkubwa ili vijiunge nao, na kujiunga kulikuwa na adabu zake. Richard Burton, aliyefika Tabora Novemba 1857, aliandika kwamba hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia kirangozi njiani. Aliyemtangulia alinyang'anywa mshale mmoja kutoka podoni mwake, na mwisho wa safari ya siku ulikuwa ushahidi wa faini anayodaiwa. Msafara haukumkataa mgeni. Ulimtaka tu aingie kwa nyuma, ajulikane, na akubali kwamba mwendo ulianza kabla yake.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mpagazi akapoteza kazi yake, lakini kungoja hakukwisha. Stesheni ilikusanya wageni wasiofahamiana, wakakaa saa nyingi pamoja, na mkeka ukawa mahali pa kupimana.

Wakati mwingine hofu ilikuwa ya kweli. Mjomba alisimulia kwamba katika miaka ya Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, mtu aliyeonekana hana kazi aliweza kukamatwa kwa uzururaji, na karata mchana zilikuwa ushahidi wa kutosha machoni pa baadhi ya watu. Aliyesimama nyuma yenu bila kusalimu aliweza kuwa mgambo. Kwa hiyo salamu ilikuwa kitambulisho.

Nilipokuwa mtu mzima niliingia kasino moja Dar es Salaam, biashara inayosimamiwa leo chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003. Meza ya blakijeki ilikuwa ikiendelea. Nilisimama nikangoja duru iishe, nikaweka pesa juu ya meza, wala sikumpa mgawaji mkononi. Aliyenileta alishangaa nimejifunza wapi. Kule Marekani, mwanahisabati Edward Thorp alionyesha katika kitabu chake cha 1962 kwamba anayezihesabu karata zilizokwisha kutoka anaweza kujua lini inafaa kuongeza dau. Basi mtu angeweza kusimama pembeni akihesabu, kisha akaketi wakati mzuri. Ndiyo maana baadhi ya kasino hazimruhusu mgeni kuingia mpaka karata zichanganywe upya.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu la Goweko. Sikuwa nimekosa heshima tu. Nilikuwa nimesimama nusu saa nyuma ya migongo yao, nikaziona karata za watu watatu, kisha nikaokota za mtu wa nne. Hata kama sikukusudia kudanganya, wazee wale hawakuwa na njia ya kulijua hilo. Wangeendelea, kila karata niliyotupa ingekuwa na shaka. Walivunja duru ili wasilazimike kunishuku.

Mjomba alipofariki nilirudi kuzika. Usiku wa pili wa matanga wanaume walitandika mkeka nje, karata zikatoka, kama ilivyo kawaida kwa watu wanaokesha. Walikuwa watatu, na upande mmoja ulikuwa wazi. Nilisalimia, nikasimama pembeni, nikatazama chini hadi duru ilipoisha. Mzee mmoja akazikusanya karata, akazichanganya kwa muda mrefu, akaniwekea mbele nikate.

"Kaa, mpwa wetu," akasema. "Hapo ni pake."

Nikakaa.