Pishi Mbili za Mbaazi

Mwishoni mwa mwaka 2017 nilikwenda Sigino kumsalimu shangazi yangu. Kwa mujibu wa ramani za halmashauri, Sigino ni kata ya Mji wa Babati, lakini mgeni anayefika kule huona mashamba kabla ya kuuona mji. Chumba cha mbele, ambacho ndicho cha kupokelea wageni, kilikuwa kimejaa magunia hadi usawa wa dirisha, nasi tukakaa nje. Zilikuwa mbaazi za msimu ule. Wanunuzi walikuwa hawajapita, na waliopita walitaja bei ambayo haikutosha hata kulipia magunia yenyewe. Kwa ile busara nyepesi ya mtu mwenye mshahara, nikauliza kwa nini basi wasizile. Shangazi alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "hizi si za kula. Hizi ni za Wahindi."

Hakuwa na maana kwamba mbaazi hazilikani. Mimi mwenyewe nimekulia mbaazi mbichi zilizochemshwa na maganda yake, tukizimenya kwa meno kama karanga. Alikuwa anazungumzia mbaazi kavu, zile za gunia. Katika akili ya nyumba ile, mbaazi ikishakauka hugeuka kuwa fedha, na fedha haipikwi. Makala haya ni jaribio la kueleza hali hiyo ilivyotokea, na yale waliyoyafanya majirani wa shangazi baada ya hapo.

Lugha yetu ina neno "pishi" linalobeba mambo mawili. La kwanza ni kipimo cha nafaka, vibaba vinne, ambacho wafanyabiashara wa pwani walikitumia karne nyingi kabla ya mizani ya kilo. La pili ni chakula kilichopikwa kwa ustadi fulani, kama tunavyosema pishi la mtu fulani halina mfano. Historia ya uchumi wa nchi hii imeandikwa karibu yote kwa pishi ya kwanza. Makavazi yamejaa tani, bei, ushuru na vibali. Pishi ya pili haina jalada. Imehifadhiwa vichwani mwa wanawake, ikapita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine juu ya ua, kisimani, msibani na kwenye vikoba, na mara nyingi imezikwa pamoja na aliyeijua.

Pishi ya kwanza ya mbaazi inajulikana vizuri. Katika Babati mbaazi hupandwa pamoja na mahindi. Mahindi huvunwa kwanza, mbaazi hubaki zikinywa unyevu wa chini ambao mizizi ya mahindi haiufikii, majani yake hudondoka na kurutubisha ardhi, na miti yake mikavu hugeuka kuni. Ni zao la mkulima mwenye akili. Mnunuzi wake mkuu ni mmoja: India, nchi inayolima na kula mbaazi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na ambayo huagiza nje pale mavuno yake yasipotosha. Mwaka wa kilimo wa 2015/16 India ilivuna tani zipatazo milioni 2.5, bei ikapanda, na wakulima wetu wakapanua mashamba. Mwaka uliofuata wakulima wa India nao walikuwa wamepanua ya kwao, wakavuna karibu tani milioni 4.9. Agosti 2017, mbaazi zetu za kaskazini zikiwa ndiyo kwanza zinatoka shambani, Serikali ya India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Kilo iliyowahi kuuzwa zaidi ya shilingi 2,000 ikashuka hadi shilingi mia chache. Uamuzi uliotolewa New Delhi kwa ajili ya wakulima wa Maharashtra na Karnataka ulifunga chumba cha wageni cha shangazi yangu.

Siilaumu India kwa kuwalinda wakulima wake. Ningependa na sisi tuwe na tabia hiyo. Ninachouliza ni kwa nini nchi yenye zao kubwa namna hii haikuwa na mlaji wa ndani wa kulikingia mkono.

Angalia majina ya mbegu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wetu, wakishirikiana na ICRISAT, kituo cha kimataifa chenye makao yake Patancheru karibu na Hyderabad, walitoa aina bora za mbaazi. Waliziita Komboa, Tumia na Mali. Ni majina mazuri. "Mali" ilistahimili ugonjwa wa mnyauko uliokuwa ukiangamiza mashamba, tena punje yake ni kubwa na nyeupe kama soko lilivyotaka. Lakini msomaji ataona kwamba hakuna aliyeiita mbegu hata moja "Kitoweo". Bwana shamba alikuja na nafasi za kupandia, dawa ya wadudu na bei ya msimu uliopita. Hakufika na sufuria, wala hakutumwa kufanya hivyo.

Mtu atasema dola haipaswi kuingia jikoni. Kihistoria, dola yetu imeingia jikoni mara nyingi. Katika miaka ya 1950 idara ya maendeleo ya jamii ya serikali ya kikoloni iliendesha vilabu vya wanawake vilivyofundisha kushona, usafi na mapishi, na baadhi ya mapishi hayo yalihitaji vitu ambavyo mwanafunzi hakuwa navyo na asingekuwa navyo. Baada ya uhuru, Umoja wa Wanawake ulioundwa mwaka 1962 ulirithi sehemu ya kazi hiyo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuanzisha taasisi ya taifa ya chakula na lishe. Mwaka 1975, nchi ikiwa bado inauguza majeraha ya ukame na upungufu wa chakula, ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Vikundi vilikusanyika kuzunguka redio vijijini kote, na watu wapatao milioni moja na nusu walishiriki. Kipindi kilisikilizwa, kitabu kikasomwa kwa sauti, kisha wanakikundi wakajadiliana.

Ninawaheshimu waliobuni kampeni ile kuliko ninavyowaheshimu wengi wa warithi wao. Walitambua kwamba elimu ya chakula huenea watu wanapokaa pamoja. Hata hivyo, mshale wa maarifa ulikuwa na upande mmoja: kutoka Dar es Salaam kwenda kijijini, kutoka kwa mtaalamu kwenda kwa mama. Kikundi kiliweza kujibu maswali ya kitabu. Hakikuwa na njia ya kuiambia redio kwamba kuna jirani, kule bondeni, anayejua kuivisha kunde ngumu kwa kuni nusu.

Kuna mfano mwingine wa miaka iliyofuata ambao watu wa umri wa shangazi hawausahau: unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Ulikuja bila maelezo, ugali wake ukawa na rangi ngeni na harufu ngeni, watoto wakaukataa. Waliouokoa ni wapishi wenyewe, kwa kuambizana: changanya na unga wa mtama, chekecha mara mbili, usiuache ulale. Hakuna semina iliyoitishwa. Na mahindi meupe, ambayo leo tunayaona kama chakula cha mababu, nayo yalipaswa kujifunzwa nyumba kwa nyumba katika maeneo yaliyokuwa ya mtama na uwele. Zao geni huwa chakula pale tu wapishi wanapolipokea.

Sasa nirudi Sigino. Ukumbi wa elimu uliokosekana kwa mbaazi ulipatikana kwenye ua wa nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi, mahali ambapo kikoba chao kilikutania kila wiki. Babati ni njia panda. Wenyeji wake ni Wagorowa. Pembeni yao wapo Wairaqw na Wambugwe. Warangi wamepanda kutoka Kondoa. Wanyaturu, Wachaga na Wapare wameletwa na biashara, kazi na ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo wakoloni waliiota ikitoka Cape Town hadi Cairo. Kundi moja la akina mama kumi na wawili laweza kuwa na lugha za nyumbani tano zisizosikilizana hata kidogo, kwa sababu Kigorowa na Kirangi hazina hata ukoo mmoja. Kiswahili kwao ndiyo lugha ya hisa na mikopo. Ndiyo pia lugha ya kuulizana, "Wewe unaziungaje?"

Aliyeanza alikuwa jirani Mrangi, mama mtu mzima ambaye shangazi humwita dada ingawa hawana undugu wa damu. Kondoa ilikuwa kituo cha misafara katika karne ya 19, na watu wa pwani waliokaa pale waliacha dini yao na sehemu ya jiko lao. Pwani mbaazi hupikwa kwa tui la nazi na huliwa asubuhi kwa maandazi au mahamri. Huko si zao la mtu mwingine, ni kifungua kinywa. Nazi haioti Kondoa. Kule mpishi huunga kwa karanga, kama watu wa kanda ya kati wanavyounga mboga za majani. Yule mama alileta kibaba cha karanga zilizotwangwa, akaomba kibaba cha mbaazi katika chumba kilichojaa magunia, na kwa jinsi shangazi anavyosimulia, watu walicheka sana.

Mafunzo yenyewe nayaandika kama nilivyoyasikia, maana yasipoandikwa hayataandikwa na mwingine. Chambua mbaazi, ziloweke usiku kucha, na maji yale ya kulowekea uyamwage, usiyapikie. Zichemshe kwa maji mapya. Zikianza kuchemka na kutoa povu, mwaga tena, kwani ule uchungu unaowakera watoto uko kwenye ganda. Usitie chumvi mpaka ziive. Hapo ulizuka ubishi. Mmoja alisema tia magadi kidogo, zitaiva upesi na kuni zitapona. Mwingine, aliyewahi kuhudhuria mafunzo ya kliniki, akapinga: magadi huharibu vitamini. Wote wawili wana haki, na hapa nauona ubora wa mazungumzo ya wapishi kuliko wa kitabu. Mtaalamu huhesabu vitamini. Mama huhesabu pia mzigo wa kuni. Suluhu iliyopatikana ni kuloweka kwa muda mrefu zaidi na kupikia miti ya mbaazi zenyewe, ambayo ilikuwa imerundikana nyuma ya kila nyumba. Kisha kitunguu, nyanya, karanga zilizolainishwa kwa maji ya uvuguvugu, na moto mdogo.

Wiki zilizofuata kila mmoja alileta bakuli. Mpare akazitia kwenye makande mahali pa maharage. Mwingine alizisonga na viazi vitamu. Nilikula ile ya karanga mara mbili, na sioni haya kusema kwamba mara ya pili nilijipakulia bila kukaribishwa.

Lakini nisiipambe hadithi hii. Familia ya watu sita haiwezi kumaliza magunia kumi, na bakuli la mbaazi halinunui sare za shule wala halilipi deni la pembejeo. Ule ushauri uliosikika kila kona wakati huo, kwamba mbaazi zikikosa soko basi tuzile, ulikuwa tusi kwa mtu aliyekopa ili alime. Tena kikoba kina mipaka yake. Asiye na hisa hakuwepo uani, na wanaume, ambao ndio walioamua kupanua mashamba, walikuwa barabarani wakisubiri lori.

Lipo pia jambo ambalo halikufika uani kabisa. Wahindi hawali mbaazi kama tunavyozila. Huziondoa ganda na kuzipasua vipande viwili, zikawa dengu za njano ziivazo kwa muda mfupi bila uchungu wowote. Kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani: loweka, anika juani hadi zikauke tena, zipaaze juu ya jiwe la kusagia, kisha pepeta. Jiwe lipo. Nililiona kwa shangazi, limegeuzwa kiti cha kuku. Mji wa Babati una familia zenye asili ya Kihindi zilizofanya biashara hapo kwa vizazi, na jikoni mwao ujuzi huu ni wa kila siku. Mbaazi ziliuzwa katika maduka hayo miaka nenda rudi, kwa pishi ya kwanza. Pishi ya pili haikuvuka kaunta, kwa sababu urafiki haukuvuka. Wanaouziana hawakualikana kula. Hili halihusu adabu peke yake. Kama mji wa Babati, Arusha na Singida ingekuwa imezoea kununua mbaazi zilizopaazwa kama inavyonunua maharage, tani zile 200,000 zingetuumiza, lakini zisingetuangusha.

Mei 2021 India iliondoa ukomo ule, na bei ikarudi kupanda. Nilipokwenda tena Sigino chumba cha wageni kilikuwa kitupu na tulikaa ndani. Niliuliza kama mbaazi bado zinapikwa. Shangazi alinionyesha madebe mawili chini ya kitanda, ambayo mumewe hakujua yapo alipokuwa akihesabu magunia ya mnunuzi. Moja ni la kwake. La pili anamwekea yule dada yake Mrangi, ambaye mwaka ule mvua ilikuwa imemharibia shamba.