Watawa Walioandika Habari za Maaskofu

(Somo la historia kwa redio. Limechapwa kama lilivyosomwa, kwa matumizi ya madarasa ya watu wazima.)

Wanafunzi wa Nakapanya, nimeambiwa kwamba sasa mnasoma ukurasa mzima bila kusita. Hongereni. Walimu, gaweni karatasi za somo, ili kila mtu afuate maneno kwa kidole huku akinisikiliza.

Tazameni kwanza mahali mlipo. Mkishika barabara ya mashariki, mkapita Masasi, mtafika Ndanda. Mkishika ya magharibi, mkapita Tunduru na Songea, mtafika Peramiho. Basi ninyi mko katikati ya nyumba mbili kubwa za watawa wa shirika moja, yaani Wabenediktini. Wengi wenu ni Waislamu, wengine Wakristo. Somo letu leo si la dini. Nataka tuulize jambo moja tu: habari za zamani zilizomo vitabuni, nani aliziandika, na alizijuaje?

Mtawa ni mtu asiyeoa wala kuwa na mali yake mwenyewe, anayekaa na wenzake chini ya mkubwa wao aitwaye abati. Sheria ya maisha ya Wabenediktini iliandikwa na Benedikto wa Nursia, nchi ya Italia, katika karne ya 6. Siku yao imegawanywa kati ya sala, kazi ya mikono na kusoma. Katika Ulaya ya zamani zile wafalme wengi hawakujua kusoma. Hata mashujaa wakubwa walitia alama tu, kama wengine wenu mlivyotia dole gumba mwaka jana. Aliyejua kalamu alikuwa mtawa.

Kazi yao ya kuandika historia ilianza kwa njia ndogo sana. Kila nyumba ya watawa ilikuwa na karatasi ya hesabu ya kujua sikukuu ya Pasaka itaangukia siku gani kila mwaka. Pembeni mwa mwaka palikuwa na nafasi tupu. Mtawa akaandika hapo maneno machache: mwaka huu askofu amekufa, mwaka huu njaa, mwaka huu jua limepatwa. Ndivyo hata wazee wetu wanavyohesabu, mwaka wa nzige, mwaka wa njaa kuu, ila wao huandika kichwani.

Baadaye walitokea watu walioandika vitabu kamili. Mmoja ni Bede, wa kaskazini ya Uingereza. Alipelekwa kwa watawa akiwa mtoto wa miaka 7, akakaa nao mpaka kufa kwake mwaka 735. Mwaka 731 alimaliza kitabu cha historia ya kanisa la Waingereza, na humo zimo habari za maaskofu wengi. Jambo ninalolipenda kwake ni hili: mwanzoni mwa kitabu anawataja watu waliompa habari. Huyu aliniambia mambo ya Canterbury, yule alinakili barua huko Roma. Msomaji anaweza kupima mwenyewe.

Mwingine ni William, mtawa wa Malmesbury, mtunza vitabu wa nyumba yake. Mwaka 1125 alimaliza kitabu juu ya maaskofu wa Uingereza. Huyu alikuwa na ulimi mkali. Aliandika wazi makosa ya wakubwa. Kisha akafikiri tena, akachukua kisu, akakwangua wino kwenye ngozi, maana waliandika juu ya ngozi ya mnyama, akaweka maneno laini zaidi. Nakala ya mkono wake ingalipo huko Oxford, na mahali alipokwangua panaonekana. Tazameni basi: kitabu kinaweza kusema, na kinaweza pia kunyamazishwa.

Sasa turudi kwetu. Desturi ile ya Ulaya ililetwa mpaka Ungoni. Tarehe 31 Julai 1898 Padre Cassian Spiss, Mbenediktini wa nyumba ya St. Ottilien katika Ujerumani, alianzisha misioni ya Peramiho. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Kigonsera. Katika kila misioni padre mmoja alitunza kitabu cha matukio. Aliandika kwa Kijerumani, siku kwa siku: mvua imenyesha, wapagazi wamefika, fulani amebatizwa, fulani amekufa. Barua nyingine zilipelekwa Ulaya zikachapwa katika gazeti la shirika lao.

Cassian Spiss mwenyewe alikuwa mtu wa kalamu. Aliandika juu ya lugha ya Kingoni, na maandishi yake yakachapwa Ujerumani mwaka 1904. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa askofu, tangu 1902, mwenye makao yake Dar es Salaam. Mwaka 1905 alitaka kuwatembelea watu wake wa Peramiho. Akasafiri kupitia Kilwa, kisha kwa miguu. Pamoja naye walikuwako mabruda wawili, Andreas na Gabriel, na masista wawili, Felicitas na Cordula.

Lakini mwishoni mwa Julai Wamatumbi walikuwa wameinuka juu ya Wadachi kwa sababu ya pamba, kodi na viboko. Kinjikitile wa Ngarambe, aliyewapa watu maji, alinyongwa tarehe 4 Agosti. Siku kumi baadaye, tarehe 14 Agosti 1905, askofu na wenzake wanne waliuawa mahali paitwapo Mikukuyumbu, katika nchi ya Liwale. Hakuna aliyesalimika katika hao watano. Siku zile zile boma la Liwale likaangushwa. Mwezi wa Septemba vita vikafika Ungoni. Kanisa la Peramiho likachomwa moto, na Padre Franziskus Leuthner akauawa.

Watawa waliandika yote haya kwa uchungu, kama mtu anavyoandika juu ya ndugu zake. Kwao, watu watano wa Mikukuyumbu ni mashahidi wa dini. Nami sisemi kwamba waliandika uongo. Tarehe zao ni nzuri, na majina ni sahihi. Bila wao tusingaliyajua. Lakini ukitaka kujua kwa nini mtu wa Liwale alimwona askofu na akida kuwa watu wa upande mmoja, kitabu cha misioni hakikuambii vya kutosha.

Nani atakuambia? Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee waliokuwa hai wakati wa Maji Maji. Katika Ungoni wazee walikumbuka jambo la kibanda cha mahoka, yaani mahali pa kuwaomba wahenga, cha Nkosi Mputa Gama. Walisema padre Leuthner alikichoma. Wafikirieni wale waliokuwako. Mmoja anaanza hadithi siku kanisa lilipochomwa. Mwingine anaianza nyuma zaidi, siku kibanda kilipochomwa. Moto ni ule ule katika masikio ya wote wawili, lakini ukianza kusoma katikati utadhani wa pili ndio wa kwanza.

Nkosi Mputa alinyongwa Songea pamoja na makumi ya wenzake tarehe 27 Februari 1906, na siku hiyo hukumbukwa mjini Songea kila mwaka. Padre Johannes Häfliger aliwatembelea waliohukumiwa, akawabatiza baadhi yao, na akaandika aliyoyaona. Katika pwani naye Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi mrefu wa Kiswahili juu ya vita hivyo. Kwa hiyo msidhani kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa Mzungu peke yake.

Habari za maaskofu waliofuata nitazipita upesi. Thomas Spreiter alishika mahali pa Spiss mwaka 1906. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza waliwaondoa Wadachi, naye akapelekwa Zululand, Afrika ya Kusini. Ajabu ya mambo, huko ndiko walikotoka mababu wa Wangoni! Mwaka 1931 nchi ya kazi iligawanywa, Peramiho mbali na Ndanda mbali.

Mwaka 1959 nauona kuwa mwaka mkubwa katika hadithi yetu. Mwaka huo Padre Elzear Ebner wa Peramiho alitoa kitabu cha historia ya Wangoni, nacho hakikuhesabu maaskofu tu. Kinawafuata Wangoni tangu Afrika ya Kusini. Mwaka huo huo padre Mwafrika, James Joseph Komba, alitoa huko Roma kitabu juu ya dini ya asili ya Wangoni. Alifanywa askofu msaidizi mwaka 1962, na mwaka 1969 akawa askofu wa kwanza wa jimbo la Songea. Zamani mtawa aliandika juu ya askofu. Sasa askofu mwenyewe alikuwa ameandika juu ya mahoka.

Kazi ya juma hili ni hii. Andikeni katika madaftari yenu sentensi tatu juu ya tukio moja la Nakapanya: kuchimbwa kwa kisima, mafuriko, tembo kuingia mashambani, lo lote. Wekeni mwaka. Chini yake andikeni ama “Niliona mwenyewe,” ama “Niliambiwa na” fulani, na mtaje jina lake. Wawili wakiandika tukio moja kwa namna mbili, mwalimu asifute hata moja. Asahihishe herufi tu. Juma lijalo tutasoma habari za misafara ya Wayao kwenda Kilwa. Kwaherini.