Kisukari cha Ujauzito na Mlo wa Mama

Kisukari cha ujauzito, ambacho wengi hukiita pia kisukari cha mimba, ni hali ya glukosi, yaani sukari ambayo mwili huichoma ili kupata nguvu, kuzidi kiwango chake katika damu ya mwanamke na kugunduliwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Maneno "kwa mara ya kwanza" yana uzito mkubwa katika fasili hii, kwa sababu mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba haingii humo, hata kama sukari yake imepanda zaidi katika miezi hiyo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka kwa tarakimu: mjamzito ambaye hajala tangu usiku, akapimwa na kukutwa na milimoli 5.1 hadi 6.9 za glukosi kwa lita moja ya damu, ana kisukari cha ujauzito, ilhali anayefikia 7.0 na kuendelea huhesabiwa kuwa na kisukari kamili ndani ya ujauzito.

Neno "kisukari" limetokana na "sukari", lenye asili ya Kiarabu, kwa kutanguliziwa kiambishi ki-, na ndilo hilohilo wauza ndizi wa Tanzania wanalolitumia kuitaja ndizi ndogo tamu. Sehemu ya pili ya istilahi ndiyo yenye mjadala. "Mimba" hutaja zaidi kile kilichomo tumboni, ndiyo maana husemwa mimba imetunga au mimba imeharibika, ilhali "ujauzito" hutaja hali ya mwanamke mwenyewe. Na kwa kuwa damu iliyozidi sukari ni ya mama, "kisukari cha ujauzito" ndiyo istilahi sahihi zaidi, ingawa ile nyingine ni fupi na imezoeleka katika kliniki za mama na mtoto. A-unganifu "cha" nayo haina budi kueleweka vizuri: inaonyesha wakati ambao maradhi yamejitokeza na hali iliyoyachochea, wala haiahidi kwamba yatakwisha mtoto akizaliwa.

Chanzo chake kimo katika kondo la nyuma, ambalo pamoja na kumlisha mtoto humwaga homoni zinazopunguza nguvu ya insulini, yaani ile homoni ya kongosho inayoiwezesha glukosi kutoka katika damu na kuingia katika seli. Hali hiyo huitwa ukinzani wa insulini, na haifai kuitwa usugu, kwa kuwa neno hilo limeshazoeleka kwa vijidudu visivyosikia dawa. Kila mjamzito huwa na ukinzani huo kwa kiasi fulani, na huongezeka katika nusu ya pili ya ujauzito, jambo linaloeleza kwa nini kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kongosho la wengi huongeza insulini na mambo yakaenda sawa; lisipoweza, sukari hupanda. Kwa hiyo si haki kumlaumu mama kwamba amejitakia kwa kupenda vitu vitamu, lawama ambayo jina la maradhi yenyewe huichochea bila sababu.

Jørgen Pedersen, daktari wa Copenhagen, alieleza katika miaka ya 1950 kinachompata mtoto. Glukosi ya mama hupita katika kondo la nyuma lakini insulini yake haipiti, hivyo kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi, nayo humnenepesha. Mtoto anayezidi kilo 4 anaweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa, na kitovu kikishakatwa, glukosi ya mama hukoma ghafla huku insulini ya mtoto ikiwa bado nyingi, akashukiwa na sukari hadi kiwango cha hatari.

Ni katika mlo ndipo jina la "kisukari" linapopotosha zaidi. Mama akiambiwa ana sukari huondoa sukari katika chai, kisha hula rundo la ugali wa sembe au sahani ya wali iliyojaa, bila kuelezwa kwamba wanga wote, uwe wa mahindi, mchele, muhogo, viazi au ngano, huishia kuwa glukosi. Uji wa lishe, ambao wajawazito huhimizwa kuunywa, ni unga uliosagwa laini na mara nyingi hutiwa sukari, kwa hiyo huingia katika damu upesi. Na juisi ya miwa au ya embe ni vivyo hivyo, hata kama haikuongezwa kitu. Asubuhi insulini huwa dhaifu zaidi, kwa hiyo chai na maandazi au chapati ni kifungua kinywa kibaya kwake kuliko yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu.

Hata hivyo wanga hauachwi. Neno "dayati" mitaani limekuja kumaanisha kujinyima, na mjamzito anayejinyima huunguza mafuta ya mwili wake hadi ketoni, yaani mazao ya mafuta yaliyounguzwa, zikaongezeka katika damu. Anahitaji angalau gramu 175 za wanga kwa siku, zigawanywe katika milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu. Dona badala ya sembe, maharage, kunde au choroko, dagaa, mtindi usio na sukari, na mchicha au kisamvu kwa wingi, vyote vinapatikana sokoni, na matembezi ya dakika chache baada ya kula husaidia. Wengi hutosheka na hayo. Ambao sukari yao haishuki huhitaji insulini, na hilo si ushahidi kwamba wamekula vibaya.

Baada ya kujifungua sukari ya wengi hurudi kawaida, lakini hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili katika miaka inayofuata hubaki kubwa mara kadhaa kuliko ya wanawake wengine. Wakunga na wauguzi wanaombwa wamweleze hivyo kila mama kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, naye arudi kupimwa kati ya wiki ya 6 na ya 12, hata kama anajiona mzima.