Rangi, Vyeti na Uadilifu: Mizani Tatu za Uteuzi Tanganyika Baada ya 1961

Mwezi Oktoba 1961, takriban miezi miwili kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa, wabunge wa Tanganyika walijadili muswada wa uraia. Kimsingi serikali ilipendekeza kwamba aliyezaliwa nchini, na mzazi wake mmoja amezaliwa nchini, awe raia moja kwa moja bila kuulizwa rangi yake. Wakazi wengine wangeweza kuomba uraia ndani ya muda uliowekwa. Baadhi ya wabunge wa TANU, akiwemo Christopher Kasanga Tumbo aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa reli, waliupinga. Kwao uraia ulikuwa haki ya Mwafrika kwanza, na wengine wangesubiri. Waziri Mkuu Julius Nyerere alijibu kwa hasira ambayo wasikilizaji wake hawakuizoea. Aliwafananisha waliotaka uraia wa rangi na Hitler, akaeleza kwamba serikali yake ingejiuzulu endapo muswada ungeanguka. Muswada ukapita.

Kisa hiki hukumbushwa sana, na kwa kawaida husimuliwa kana kwamba upande mmoja ulikuwa na nuru na mwingine giza tupu. Mimi naona tunawadhulumu akina Tumbo tusipouliza walikuwa wanajibu nini. Nyuma ya neno uraia kulikuwa na swali jingine lililowauma zaidi wafanyakazi wa kawaida: nani atakalia kiti cha mkuu wa idara, cha mkuu wa wilaya, cha ofisa wa jeshi, baada ya Mwingereza kuondoka? Serikali iliwajibu kwamba viti hivyo vingetolewa kwa sifa, na kwa neno sifa ilimaanisha elimu na uzoefu.

Sasa tazama sifa hizo zilivyopatikana. Chini ya ukoloni shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na bajeti yake. Mwafrika aliyefaulu kuvuka vichujio vyote hadi Makerere akasomea udaktari, alirudi nyumbani kuitwa ofisa msaidizi, kwa sababu stashahada yake haikutambuliwa na baraza la madaktari la Uingereza mpaka miaka ya mwisho ya 1950. Kwenye mishahara, Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilipendekeza Mwafrika mwenye cheo sawa na Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa mwenzake. Kanuni hiyo iliondolewa baada ya Tume ya Lidbury ya 1954, lakini mahali pake ikaja posho maalumu ya kuwavutia wageni kutoka ng'ambo, na pengo likabaki chini ya jina la heshima zaidi. Cheti, kwa hiyo, hakikuwa mizani isiyo na upande. Kilikuwa na rangi ndani yake tangu siku mtoto alipoandikishwa darasa la kwanza. Aliyesema mwaka 1961 kwamba tuchague kwa vyeti pekee alikuwa, apende asipende, amekwisha kuchagua kwa rangi. Chuo Kikuu chetu chenyewe kilifungua milango mwezi huohuo wa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15.

Ndiyo maana serikali ya Rashidi Kawawa, aliyeshika uwaziri mkuu Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu kwenda kukijenga upya chama, iliharakisha kuwapa Waafrika nafasi za juu katika utumishi. Neno lililotumika lilikuwa Uafrikanishaji. Ulikuwa ubaguzi wa makusudi wenye lengo la kurekebisha ubaguzi uliotangulia, na raia wenye asili ya Asia waliozaliwa Tanga au Mwanza walijikuta wakipitwa katika vyeo na raia wenzao. Nasema hivi bila kuulaani. Sera ya kurekebisha dhuluma haina budi kumgusa mtu fulani; hoja ni itadumu muda gani na nani atakayetangaza kwamba imetosha.

Nyerere alitangaza mapema mno kwa wengi. Mwanzoni mwa Januari 1964, akiwa Rais, alitoa waraka uliosema kwamba tangu hapo raia wote wangeajiriwa na kupandishwa vyeo kwa usawa, bila kuangalia asili. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walinung'unika. Haikupita hata wiki mbili kamili, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito walipoasi. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara, na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maasi yalizimwa tarehe 25 na wanamaji wa Uingereza walioitwa na serikali yenyewe, fedheha ambayo Nyerere hakuificha. Nisieleweke kwamba waraka ndio uliosababisha maasi. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 na hali duni ya kambini vina uzito mkubwa zaidi. Lakini mfuatano wa matukio unaonyesha jinsi rangi na cheo vilivyokuwa vimefungamana katika fikra za watu wa chini, ambao hawakuwa wamesoma waraka wowote.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1965, ambao kwangu ndio sehemu yenye mafunzo mengi ya kipindi hiki, na ambayo haisimuliwi ipasavyo. Chini ya mfumo wa chama kimoja, majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na wapinzani walikatazwa kutumia rangi, kabila au dini dhidi ya wenzao. Derek Bryceson, Mzungu, rubani wa zamani wa jeshi la anga la Uingereza na waziri tangu kabla ya uhuru, alisimama Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika na akashinda kwa kura nyingi. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, alishinda Morogoro. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, Msukuma aliyewaongoza wakulima wa pamba katika ushirika wa Ziwa Victoria miaka ya 1950, aliangushwa Mwanza, nyumbani kwake. Wizara ya Fedha ikaenda kwa Jamal.

Wapigakura walewale ambao wabunge wao walidhaniwa kusema kwa niaba yao mwaka 1961 waliamua vingine walipopewa karatasi. Sidai kwamba chuki ya rangi ilikuwa imekwisha. Miaka michache baadaye, utaifishaji wa majumba ya kupanga mwaka 1971 ulipokelewa na baadhi ya watu kwa furaha ambayo haikuwa ya kijamaa hata kidogo. Nadai jambo dogo zaidi: mtu anayemfahamu waziri wake kwa kazi zake hana haja ya kumpima kwa ngozi. Rangi ilikuwa mizani ya watu walionyimwa mizani nyingine.

Na vyeti navyo? Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea sehemu tu ya mishahara yao kwa muda huo. Hao walikuwa matunda ya kwanza ya elimu iliyopiganiwa, Waafrika kwa wingi wao, na wenye sifa ambazo miaka mitano nyuma hazikuwapo. Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, na siku hiyohiyo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Kwa mara ya kwanza uadilifu uliandikwa kama sharti linaloweza kukaguliwa. Kabla ya hapo ulikuwa sifa ya mdomoni, kitu anachosifiwa marehemu.

Tofauti yake na mizani mbili za kwanza ni kubwa. Rangi huonekana siku ya uteuzi, cheti huletwa siku ya uteuzi, bali uadilifu hauonekani siku hiyo hata kidogo. Huonekana baadaye, mtu akishakaa penye fedha na muhuri. Hauwezi kuwa kigezo cha kumteua mtu usipokuwa pia utaratibu wa kumfuatilia.

Utaratibu ule ulifutwa Zanzibar mwaka 1991, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM, bila kelele. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ikaja kuziba nafasi kwa kudai kiongozi atamke mali zake. Ile ya Arusha ilikataza kuwa na mali fulani. Hii inaomba orodha, na orodha yenyewe si rahisi kwa raia wa kawaida kuisoma, achilia mbali kuitangaza.

Cheti kikarudi kuwa mizani ya kutegemewa. Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa majina ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, wakaamriwa kuondoka kazini. Wengi tulishangilia, na kwa haki, kwa kuwa kughushi ni wizi. Lakini wenye nyadhifa za kisiasa hawakuhusika na uhakiki ule. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na ni miongoni mwa wabunge hao ambamo mawaziri huteuliwa. Muuguzi wa zahanati aliyeghushi cheti cha kidato cha nne alipoteza ajira yake. Waziri wake hakuwa na cheti chochote alichotakiwa kuonyesha.