Majirani Zetu wa Mto Sibiti: Habari za Wahadzabe

Sisi tukaao Iramba twajua vizuri habari za Wanyaturu walio kusini mwetu, na habari za Wasukuma walio ng'ambo ya uwanda wa Wembere. Lakini upande wa kaskazini, ukiisha kupita nchi ya Wanyisanzu, wako watu wengine ambao twawataja mara nyingi na kuwajua kidogo. Wenyewe hujiita Wahadzabe. Watu wengi wamezoea kuwaita Watindiga au Wakindiga. Twaona inafaa kuandika habari zao, kwani ni majirani wa zamani sana, na historia yao imeshikamana na yetu.

Kwanza tueleze nchi yenyewe. Maji ya Wembere huingia katika ziwa Kitangiri. Yakitoka huko hufuata mto Sibiti, nao huyapeleka mpaka ziwa Eyasi, ambalo maji yake ni ya chumvi wala hayana njia ya kutokea. Basi pande zote mbili za ziwa hilo, na katika bonde la Yaeda lililo mashariki, ndiko waliko Wahadzabe. Wengine wako Munguli, katika wilaya ya Mkalama, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Iramba hata mwaka 2012. Ni nchi ya mawe, miiba na mibuyu. Mvua yake ni haba na mbung'o walikuwa wengi, kwa hiyo wakulima na wafugaji hawakuitamani siku za kale. Idadi ya Wahadzabe wote yakadiriwa kuwa kati ya watu 1,000 na 1,500 tu.

Lugha yao ni ya ajabu. Ina sauti za kualika ulimi, kama zile za Kisandawe. Kwa sababu hiyo watu walidhani zamani kwamba makabila hayo mawili ni ndugu, tena ndugu wa wale wawindaji wa Afrika ya Kusini. Wataalamu wa lugha waliochunguza zaidi hawakuona udugu huo. Kihadza chasimama peke yake, hakina lugha nyingine ijulikanayo kuwa jamaa yake. Hii ni dalili kwamba watu hawa wamekuwako kwa muda mrefu mno, labda kabla ya mababu zetu kufika na majembe yao, na kabla ya wenye ng'ombe kuteremka kutoka kaskazini.

Maisha yao ya asili yalikuwa hivi. Hawakulima wala hawakufuga. Walikaa katika mago, yaani makambi ya watu ishirini au thelathini. Wanawake walijenga vibanda vya matawi na majani kwa muda wa saa chache, na baada ya majuma kadhaa watu wakahama. Walihama kwa kufuata maji, wanyama, matunda na asali. Tena walihama mtu akifa. Wakati wa kiangazi mago yalikuwa makubwa karibu na visima vichache, na mvua ziliponyesha watu walitawanyika. Hata leo wako Wahadzabe waishio hivyo, ingawa si wote.

Kazi ziligawanywa. Wanawake walichimba viazi vya porini kwa vijiti vilivyochongwa ncha, wakachuma matunda madogo na kuokota mabuyu. Unga wa ubuyu waliuchanganya na maji, na mbegu zake walizitwanga. Wanaume walishika upinde. Upinde wa Mhadzabe ni mgumu kuuvuta, na uzi wake ni kano za mnyama. Kwa wanyama wakubwa walipaka sumu ya mimea katika ncha za mishale, na ncha hizo walizifua wenyewe kwa misumari, bila tanuri. Asali waliipenda kuliko vyakula vyote. Yuko ndege mdogo ambaye huwaongoza: mtu hupiga mluzi, ndege hujibu, kisha huruka mti hata mti mpaka kwenye nyuki. Mwanamume hupigilia vigingi katika mbuyu, akapanda navyo kama ngazi, akawafukizia nyuki moshi. Naye ndege hupata nta iliyobaki.

Jambo la kufikiriwa zaidi ni utawala wao. Sisi tulikuwa na watemi, na Wanyisanzu walikuwa na mtemi wao wa mvua huko Kirumi. Wahadzabe hawakuwa na mtemi wala mzee wa kuwaamuru. Mtu aliyegombana na wenziwe alihamia ago jingine, na ugomvi ukaisha. Nyama iliyoletwa kambini haikuwa ya mwindaji peke yake. Kila mtu alidai sehemu yake, wala hakusema ahsante, maana ni haki yake. Sehemu fulani za mnyama mkubwa huitwa epeme, nazo huliwa na wanaume waliokwisha kukubaliwa tu. Ngoma ya epeme huchezwa usiku wa giza, mwezi usipokuwako.

Je, watu hawa hawakuwa na mapatano na sisi? Walikuwa nayo. Walileta asali, nyama na ngozi, wakapewa chuma, shanga, tumbaku na nafaka. Wanyisanzu hasa walikuwa rafiki zao. Wengine walioana nao, na maneno ya Kinyisanzu yameingia katika Kihadza. Wahadzabe wenyewe wana hadithi ya mtu aitwaye Indaya, ambaye alikufa akaenda kwa Wanyisanzu, kisha akarudi na kuwafundisha wenziwe desturi na vitu vya huko. Katika hadithi hiyo twasikia jinsi walivyofikiri wao juu ya ujirani wetu.

Habari zao zilianza kuandikwa wakati wa Wajerumani, ambao walikuwa na boma Mkalama. Mwaka 1912 Erich Obst alichapisha habari ya safari yake kutoka Mkalama mpaka nchi ya Wakindiga. Mwaka 1930 alikuja Dorothea Bleek kutoka Afrika ya Kusini kuisikiliza lugha yao. Katika miaka ya 1930 Ludwig Kohl-Larsen alikusanya hadithi zao nyingi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 James Woodburn, Mwingereza, alianza kukaa nao na kujifunza Kihadza. Huyu wa mwisho aliona jambo ambalo wakulima hawalitazamii: katika miaka ya ukame Wahadzabe hawakushikwa na njaa kama majirani zao wenye mashamba. Mtama ukikauka, mkulima hana kitu. Bali viazi vya porini viko chini ya ardhi, na mbuyu huzaa. Basi tusiseme upesi kwamba wao ni maskini na sisi ni matajiri.

Lakini wenye mamlaka walisema hivyo. Serikali ya Waingereza ilijaribu kuwakalisha mahali pamoja, haikufaulu. Baada ya uhuru, mwaka 1964 na 1965, serikali ilijenga kijiji huko Yaeda Chini. Zikawekwa nyumba, shule na zahanati, chakula kikagawiwa, na Wahadzabe wengine wakachukuliwa kwa magari chini ya ulinzi wa askari. Nia ilikuwa njema: watoto wasome, wagonjwa watibiwe. Lakini watu waliozoea kukaa thelathini thelathini na kuhama hama wakawekwa mamia mahali pamoja. Magonjwa ya kuambukiza yakaenea upesi, wengi wakafa, na waliobaki wakarudi porini. Majaribio mengine yalifuata katika miaka ya 1970 na 1980, na mwisho wake ulifanana na ule wa kwanza.

Katika miaka hiyo hiyo nchi yao ilipunguzwa. Wadatoga, ambao twawaita Wamang'ati au Wataturu, waliingia na ng'ombe katika bonde la Yaeda. Nao walikuwa wamefukuzwa kwao na Wamasai, tena baadaye na mashamba makubwa ya ngano. Wairaqw walishuka kutoka Mbulu kutafuta shamba. Huko Mang'ola chemchemi ziligeuzwa kunywesha mashamba ya vitunguu. Wanyisanzu na Wanyiramba nao walikata pori. Hakuna aliyetangaza vita. Kila mtu alichukua shamba moja tu, au kisima kimoja tu, akasema, "Hapa hapana mwenyewe." Kwani desturi yetu yamtambua mwenye nchi kwa jembe au kwa zizi, na Mhadzabe hana hata kimoja. Ng'ombe wakinywa kisima, wanyama wa pori hawaji. Mbuyu ukikatwa, nyuki huhama. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kunyang'anywa ghala yake bila mlango wake kuvunjwa.

Si hapa tu. Kisiwani Borneo, mbali sana mashariki ya bahari, wako watu waitwao Wadayak, wakaao kandokando ya mito katika msitu mnene wa mvua. Wao hulima mpunga, na jamaa nyingi walikaa pamoja chini ya dari moja katika nyumba ndefu iliyoinuliwa juu ya nguzo. Mto ndio barabara yao. Kwa desturi hawafanani na Wahadzabe. Lakini wao nao waliambiwa kwamba msitu wao ni nchi tupu, nao ukakatwa kwa ajili ya mbao, kisha kwa mashamba ya michikichi. Neno "tupu" limewadhulumu watu wengi duniani.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati za haki ya kimila juu ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000. Pori hilo lilitambuliwa kuwa ni mali yenye wenyewe. Tangu hapo wamekuwa wakilinda miti yao isikatwe, na kwa ulinzi huo hupata fedha kutoka kwa watu wa mbali watakao misitu isafishe hewa. Fedha hizo husaidia shule na matibabu. Watoto wao wengi husoma, wengine wamefika mbali katika masomo, na bado wako wazee wanaojua mluzi wa kumwita ndege wa asali.

Sisi tulio wakulima twajifunza nini? Twaona kwamba kumtendea mtu mema bila kumwuliza kwaweza kumletea mauti, kama ilivyokuwa Yaeda. Tena twaona kwamba mpaka wa jirani asiye na ua ni mpaka vile vile, hata kama hakuupanda minyaa. Maji yapitayo Wembere yafika kwao baada ya kupita kwetu. Tukiyachafua, au tukikata miti yote ya milimani, wao ndio watakaoona kwanza. Kijana wa Iramba akienda Sibiti kutafuta shamba, na aulize kwanza ni nani aliyekuwa akichimba viazi mahali pale.