Hodi ya Mashine Pepe: Safari ya KVM Tangu 2006

Tarehe 19 Oktoba 2006, mhandisi wa Israeli aitwaye Avi Kivity aliwapelekea watengenezaji wa Linux rundo la msimbo lenye jina la herufi tatu tu: KVM. Qumranet, kampuni iliyomwajiri, ilikuwa bado changa. Lakini ahadi yake haikuwa ndogo. Kivity alitaka kuigeuza Linux yenyewe iwe msimamizi wa mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na chuma chao zenyewe, zinazoishi kwa kugawana prosesa, kumbukumbu na diski za kompyuta moja halisi.

Toleo la Linux 2.6.20 lilipotoka Februari 2007, KVM ilikuwa tayari imo ndani. Mshindani wake, Xen, aliyelelewa katika Chuo Kikuu cha Cambridge na kujulikana tangu 2003, alikuwa angali anasubiri nje ya mlango wa Linux rasmi.

Wepesi huo wa KVM kuingia ulitokana na yale ambayo Kivity hakuyaandika. Hakutunga upya utaratibu wa kugawa zamu za prosesa, wala wa kutunza kumbukumbu. Kiini cha Linux kilikuwa kimefanya kazi hizo kwa miaka mingi. Katika KVM kila mashine pepe ni programu ya kawaida machoni pa Linux. Inaorodheshwa pamoja na nyingine, inapewa zamu kama nyingine, na ikileta ukaidi inauawa kama nyingine.

Vifaa navyo aliviazima. Mfaransa Fabrice Bellard alikuwa ametoa QEMU mwaka 2003, programu iliyoweza kuigiza kompyuta nzima: diski, kadi ya mtandao, kibodi, saa, hadi chipu inayopokea ishara za vifaa hivyo vyote. KVM iliachia QEMU uigizaji wote, nayo ikabaki na prosesa na kumbukumbu. Mgawanyo huo ulirahisisha mwanzo, ila ulizaa swali ambalo wahandisi wamehangaika nalo kwa takriban miaka 20: kifaa kikipiga hodi kwa mashine pepe, nani aitikie, na aitikie akiwa wapi?

Hodi hiyo ndiyo katizo. Kadi ya mtandao ikipokea data haikai kungoja prosesa ije kuiuliza kama kuna jipya. Inabisha, prosesa inaweka kando kazi iliyo mkononi, inamhudumia mbishaji, kisha inarudi ilikoachia. Kwenye IBM PC ya 1981 hodi zote zilipitia chipu ya Intel 8259A yenye njia nane. IBM PC/AT ya 1984 iliongeza chipu ya pili ya aina hiyo, na kwa kuwa njia moja ilitumika kuziunganisha chipu hizo, zikasalia 15 za vifaa. Miaka ya 1990 ukaja mfumo wa APIC ili kompyuta zenye prosesa kadhaa zigawiane makatizo. Baadaye vifaa vikaacha nyaya na kuanza kuandika ujumbe wa katizo moja kwa moja kwenye anwani maalumu.

Hakuna kilichostaafishwa. Kila kizazi kiliwekwa juu ya kilichotangulia, kwa sababu mifumo endeshi ya zamani ilitarajia kuikuta 8259 mahali pake. Mashine pepe inayotaka kuwapokea wageni wote, yaani mifumo endeshi, wazee kwa vijana, hulazimika kuigiza urithi huo mzima.

Kwa muda mrefu hata prosesa zenyewe zilikuwa kikwazo. Mwaka 1974, Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo prosesa ikiyatimiza inaweza kubeba mashine pepe bila hila. Kompyuta kubwa za IBM zilikuwa zikifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1960. Prosesa za familia ya x86 hazikutimiza masharti: mwaka 2000 watafiti John Scott Robin na Cynthia Irvine walikuta amri 17 zenye kasoro ndani ya Pentium. Mojawapo, POPF, inagusa makatizo moja kwa moja. Mfumo endeshi huitumia, pamoja na mambo mengine, kufunga au kufungua mlango wa hodi. Mfumo usio na mamlaka kamili ukiitoa amri hiyo, prosesa hailalamiki, inaipuuza kimyakimya. Mgeni anaamini amefunga mlango, kumbe uko wazi.

VMware, iliyoanzishwa 1998, ilikwepa mtego huo kwa kuuandika upya msimbo wa mgeni papo hapo ukiwa unaendeshwa. Dawa ya kudumu ilitoka viwandani: Intel ilitoa prosesa zenye msaada wa mashine pepe Novemba 2005, na AMD ikafuata Mei 2006. KVM ilizaliwa miezi mitano baadaye, na haikujaribu hata kidogo kuzihudumia prosesa zisizo na msaada huo.

Msaada wenyewe ulikuwa na gharama. Mgeni akifanya jambo linalohitaji msimamizi, prosesa humtoa nje, huhifadhi hali yake na kumpisha mwenyeji, yaani mfumo wa kompyuta halisi. Katika prosesa za mwanzo, kila kutoka kulimeza maelfu ya mizunguko ya saa. Mwaka huohuo wa 2006, Keith Adams na Ole Agesen wa VMware walionyesha kwamba mbinu ya zamani ya kuandika msimbo upya mara nyingi iliishinda chipu mpya. KVM ya awali ilikuwa na mzigo wa ziada. Kwa kuwa chipu ya makatizo iliigizwa na QEMU, haikutosha mgeni kutoka hadi kwenye kiini. Ilibidi safari iendelee hadi kwa QEMU, kisha irudi njia ileile.

Mwaka 2007 wahandisi wa Intel, akiwamo Eddie Dong, wakaivunja safari hiyo. Walichukua msimbo wa Bellard ulioigiza 8259 wakauhamishia ndani ya kiini. Kwa APIC walianzia kwenye msimbo wa Xen, mshindani yuleyule. Kazi hiyo iliingia katika Linux 2.6.24, Januari 2008, na chipu ya saa, 8254, ikafuata njia hiyo mwaka huohuo.

Kuhamisha hakukumaliza vituko. Windows XP ya biti 32 ilikuwa na desturi ya kubadilisha kila mara kiwango cha makatizo yanayoruhusiwa kuibughudhi prosesa. Kiwango hicho hukaa ndani ya APIC, kwa hiyo kila badiliko lilimtoa mgeni nje. KVM ikaishia kuzisaka amri hizo ndani ya kumbukumbu ya mgeni na kuzibadilisha, huku Intel ikirekebisha prosesa zake ili zikubali kuandikiwa kiwango hicho bila kumtoa mtu. Saa nayo ilisumbua. Mifumo mingi ilijua wakati kwa kuhesabu makatizo ya saa, na mashine pepe inayosubiri zamu yake haipokei hodi. Ikiamka, saa yake imechelewa. Ilibidi makatizo yaliyopotea yakumbukwe na kulipwa baadaye, au mgeni afundishwe kumuuliza mwenyeji saa ngapi.

Wazo la kumfundisha mgeni lilikuwa na mtetezi mwingine. Rusty Russell, Mwaustralia aliyekuwa IBM, aliona ni kazi ya bure kuigiza kadi halisi ya mtandao, kila kitufe na kila kasoro yake, ilhali pande zote mbili ni programu. Aliunda virtio, kifaa ambacho hakikuwahi kutengenezwa kiwandani. Mgeni na mwenyeji hushiriki eneo moja la kumbukumbu, mmoja anapanga maombi, mwingine anayachukua, na hodi moja inatosha kwa maombi mengi. Virtio nayo iliingia na toleo la 2.6.24, na leo ndiyo lugha ya kawaida ya vifaa katika mashine pepe za Linux.

Septemba 2008 Red Hat iliinunua Qumranet kwa dola milioni 107, na KVM ikapata kambi kubwa. Mwaka uliofuata, Gregory Haskins, aliyekuwa Novell, alileta irqfd na ioeventfd, njia za mkato zinazoruhusu sehemu yoyote ya mfumo kumpigia mgeni hodi, au kupokea yake, bila QEMU kuguswa. Mwaka 2010 Michael Tsirkin alizitumia katika vhost-net, akaipeleka kazi ya kusafirisha data ya virtio ndani ya kiini. Mwaka 2012 ukaja VFIO wa Alex Williamson, ambao humkabidhi mgeni kifaa halisi akiendeshe mwenyewe, chini ya ulinzi wa chipu inayomzuia kugusa kumbukumbu ya wengine.

Hata hapo hodi ya kifaa alichokabidhiwa ilimtoa mgeni nje kwanza. Mwaka 2012 watafiti wa Technion na wa maabara ya IBM mjini Haifa waliwasilisha ELI, mbinu ya programu tupu iliyoyafikisha makatizo kwa mgeni bila kumtoa. Walipata kati ya asilimia 97 na 100 ya kasi ya kompyuta isiyo na mashine pepe. Watengenezaji wa chipu nao walikuwa wakielekea huko: Linux 3.10 ya mwaka 2013 ilianza kutumia uwezo wa prosesa za Intel wa kumpa mgeni katizo akiwa kazini, na mwaka 2016 ikawa zamu ya makatizo ya vifaa halisi na ya prosesa za AMD.

Upande wa prosesa za ARM hadithi ilikuwa fupi. Christoffer Dall wa Chuo Kikuu cha Columbia aliifikisha KVM huko katika Linux 3.9, mwaka 2013, na Marc Zyngier akashughulikia makatizo. Hapakuwa na 8259 ya kurithi, na chipu ya makatizo ya ARM ilikuwa tayari na sehemu iliyotengwa kwa ajili ya mgeni.

Kisha mkondo ukageuka. Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM, ndani ya msimbo wa QEMU unaoigiza kidhibiti cha diski za flopi. Ilikuwa imejificha humo tangu 2004, na ilimpa mdukuzi aliye ndani ya mashine pepe nafasi ya kumvamia mwenyeji, hata kama hakuna flopi iliyowekwa. Kifaa ambacho watu walikuwa wameshakisahau kiligeuka mlango wa nyuma wa vituo vya data.

Kama ndani ya QEMU hali ilikuwa hivyo, kasoro ya aina hiyo ndani ya kiini ingekuwa hatari zaidi. Linux 4.4, iliyotoka Januari 2016, ilileta mpango ulioandikwa na Steve Rutherford wa Google: sehemu ya APIC inayoguswa kila mara ibaki ndani ya kiini, na 8259, saa ya 8254 na wenzao zirudishwe nje. Vifaa vilivyohamishiwa ndani kwa ajili ya kasi vikapewa ruhusa ya kuondoka kwa ajili ya usalama.

Amazon ilifika mbali zaidi. Huduma yake ya EC2, iliyobuniwa na timu iliyokuwa Cape Town na kufunguliwa kwa majaribio Agosti 2006, ilianza na Xen. Mwaka 2017 ikaleta mashine zinazotegemea KVM, na kazi za diski na mtandao zikapelekwa kwenye kadi maalumu. Mwaka uliofuata ikatoa Firecracker, inayoziba nafasi ya QEMU kwa vifaa vichache mno: virtio, njia ya maandishi, na kidhibiti cha kibodi ambacho kazi yake pekee ni kupokea amri ya kuizima mashine.

Mwaka 2023 Intel ilipendekeza prosesa zisizoitambua tena 8259, kisha mwishoni mwa 2024 ikaliacha pendekezo hilo. Linux haikungoja. Toleo la 6.17, lililotoka Septemba 2025, linamruhusu anayeandaa kiini kuuacha nje kabisa msimbo wa KVM wa 8259, wa 8254 na wa sehemu ya nje ya APIC. Asiyehitaji kuwapokea wageni wa zamani anaweza sasa kuendesha mashine pepe bila ule msimbo wa 8259 ambao timu ya Eddie Dong iliuingiza mwaka 2007.